Theluji ya Masika na Barafu ya Karne Nyingi

Utangulizi

Katika nchi za Ulaya mwezi wa Mei ni mwezi wa majani mapya. Baridi kali imekwisha, miti inachipua, na theluji ikianguka wakati huo huhesabiwa kuwa jambo la ajabu lililochelewa majira yake. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Machi, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo mlima Kilimanjaro huvikwa theluji nyingi, kwa sababu ndiyo miezi ya masika. Wingu lile lile limwagalo mvua juu ya migomba ya Marangu na Machame, likipanda hata kwenye baridi ya Kibo, humwaga theluji. Na mawingu yakifunguka asubuhi, wakazi wa Moshi na vitongoji vyake huinua macho wakauona mlima umekuwa mweupe kuliko kawaida, na pengine weupe huo umeshuka mpaka kwenye uwanda wa mawe ulio kati ya Kibo na Mawenzi.

Siku kama hizo watu husema kwamba barafu ya mlima imerudi. Msimu mwingine, mvua zikiwa haba na mlima ukibaki kuwa mwamba mweusi wenye mabaka machache, watu hao hao husema kwamba barafu imekwisha. Kauli zote mbili zinatokana na kuona kwa macho, na kuona kwa macho si jambo la kudharauliwa. Hata hivyo, kauli zote mbili zinachanganya vitu viwili: theluji, ambayo ni habari ya msimu, na barafu, ambayo ni habari ya karne. Makala haya yanakusudia kuvitenganisha vitu hivyo kwa kuifuata historia ya mlima wetu tangu ulipoandikwa habari zake na wageni wa karne ya 19 hadi wakati wetu huu. Tunafanya hivyo kwa sababu taifa lisilojua kuyasoma majira yake huweza kulinda kisichohitaji mlinzi na kukiacha wazi kinachohitaji kulindwa.

Mlima na majina yake

Kilimanjaro uko digrii tatu hivi kusini ya Ikweta, nao una vilele vitatu. Kibo kina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hapana mahali pengine katika Afrika palipo juu kuliko hapo. Mawenzi kina mita 5,149. Shira, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyote, kimekwisha kuliwa na mvua na upepo hata kikabaki uwanda wenye ukingo ufikao mita 3,962. Katika vilele hivyo ni Kibo peke yake chenye barafu ya kudumu.

Wachagga, ambao wamelima na kuishi katika miteremko ya mlima huu kwa karne nyingi, wana kisa chao cha kueleza tofauti ya Kibo na Mawenzi. Wanasema kwamba Mawenzi alikuwa hautunzi moto wake, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Kibo alimpa mara ya kwanza, akampa na mara ya pili. Lakini Mawenzi alipozidi kurudi kwa hila, Kibo alikasirika akampiga. Ndiyo maana mpaka leo Mawenzi ana kichwa kilichopasukapasuka, na Kibo amekaa mzima akiwa amevaa weupe wake. Katika desturi zao za zamani, upande wa Kibo ulikuwa ndio upande wa heshima. Hapana shaka basi kwamba weupe wa mlima ulikuwa umeingia katika fikira, adabu na masimulizi ya wenyeji muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kuuchora kwenye ramani.

Maneno tuyatumiayo yana historia pia. "Theluji" ni neno lililotoka katika Kiarabu. "Barafu" limetoka katika Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Lilipofika katika lugha yetu likawa jina la maji yaliyoganda. Maneno yote mawili yaliletwa na biashara ya bahari, yakatumika katika miji ya pwani ambako theluji haijapata kuanguka. La ajabu ni kwamba vitu vyenyewe vilikuwapo bara, mwendo wa wiki mbili tu kwa miguu kutoka Mombasa.

Ushahidi uliokataliwa

Mwendo huo wa wiki mbili ndio alioutembea Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, naye akikaa Rabai, karibu na Mombasa. Aliondoka mwishoni mwa Aprili, na tarehe 11 Mei, 1848, akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe ambacho mwanzoni alikidhani kuwa wingu. Alimwuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni kitu gani. Kiongozi hakutaja jina la kitabuni. Alijibu kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa kwamba ameona theluji.

Tuiangalie vema tarehe hiyo. Mei ni mwezi wa mwisho wa masika. Yaelekea basi kwamba weupe aliouona Rebmann ulikuwa ni wa namna mbili kwa pamoja: barafu ya karne nyingi iliyokuwa imekifunika kilele, na juu yake theluji mpya ya msimu. Kwa mtazamaji aliye mbali, mambo hayo mawili huwa ni kitu kimoja cheupe. Ndivyo yalivyo hata leo.

Wenyeji walikuwa wakijua zaidi ya hapo. Rebmann aliandika habari alizosimuliwa, kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu waende wakachunguze kitu kile cheupe, na kwamba kati yao alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibika kwa baridi. Alisimuliwa pia kwamba kitu kile king'aacho kama fedha, kikiletwa chini katika chombo, huonekana kuwa ni maji matupu. Huu ulikuwa ni uchunguzi kamili: watu waliuliza swali, wakapanda, wakachukua sehemu ya kitu chenyewe, wakaona kinageuka kuwa nini. Baadhi yao walilipa kwa maisha yao.

Habari za Rebmann zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Mwishoni mwa mwaka huo huo mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona mlima Kenya nao ukiwa na theluji. Lakini William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekaa London na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, alikataa katakata. Aliona haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 aliendelea kuwapinga wamisionari hao. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1861 Carl Claus von der Decken alifika mlimani pamoja na Richard Thornton, na mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten, wakapanda hata kupita mita 4,000 na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Mwaka 1871 Charles New, akiwa amepata ruhusa na msaada wa Mangi Rindi wa Moshi, alipanda mpaka akaigusa theluji kwa mkono wake.

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza linafahamika kwa wasomaji wetu wengi: ujuzi wa wenyeji haukuhesabiwa kuwa ujuzi mpaka mgeni alipoushika mkononi. La pili halitajwi mara kwa mara, nalo ni zito vilevile. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa na kanuni, kwamba nchi za Ikweta ni nchi za joto, na kanuni hiyo aliipenda kuliko ushahidi. Mtu aweza kukosea kwa kutoona. Aweza pia kukosea kwa kuwa na hakika kabla ya kuona. Kosa hilo la pili halina taifa wala rangi, nasi twapaswa kujihadhari nalo tunapozungumza juu ya mlima huu leo.

Kitabu cha barafu

Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887 akazuiwa na theluji na barafu. Alirudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Watu wa Marangu wanamkumbuka Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara huo. Ili kufika juu, Meyer na mwenzake walilazimika kukata ngazi kwa shoka katika mteremko wa barafu. Leo maelfu ya watu hupanda kila mwaka kwa njia ya Marangu na kufika kilele cha Uhuru bila kukata ngazi hata moja. Tofauti hiyo peke yake ni ushahidi. Meyer mwenyewe, aliporudi mlimani mwaka 1898, aliona kwamba barafu ilikuwa imekwisha rudi nyuma katika muda wa miaka tisa tu.

Kipimo cha kwanza cha kutegemewa kilitokana na ramani iliyochorwa mwaka 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute. Kwa mujibu wa ramani hiyo, barafu ya Kibo ilienea katika eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Picha zilizopigwa kutoka angani zimewawezesha wataalamu kuendelea kupima. Mwaka 1953 eneo lilikuwa kama kilomita za mraba 6.7, mwaka 1976, 4.2, mwaka 1989, 3.3, mwaka 2000, kama 2.5, na mwaka 2011, chini ya 1.8. Hivyo, katika miaka 100 hivi, zaidi ya sehemu nane katika kila sehemu kumi za barafu zilitoweka.

Mwanafunzi azingatie jambo moja katika hesabu hiyo. Katika kipindi hicho chote masika yalikuja kila mwaka, na katika miaka mingi mlima ulifunikwa na theluji mpya hata ukapendeza. Theluji hiyo haikuyageuza mapito ya barafu. Ilianguka, ikakaa wiki kadhaa au miezi, ikaondoka. Kwa barafu kuongezeka haitoshi theluji ianguke. Yapasa ianguke kwa wingi kuliko inavyopotea, ikae hata msimu wa pili uikute, nao uwekewe mwingine juu yake, hata uzito wa tabaka za juu uzikandamize za chini na kuzigeuza kuwa barafu. Msimu mmoja ni ukurasa mmoja. Barafu ni kitabu kizima.

Na kitabu hicho kimesomwa. Mapema mwaka 2000 kundi la wataalamu lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, lilitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita mirefu. Katika taarifa yao ya mwaka 2002 walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi, na kwamba ndani yake mlikuwa na tabaka la vumbi la ukame mkubwa uliotokea yapata miaka 4,000 iliyopita. Wataalamu wengine wamebisha juu ya umri huo, wakisema kwamba yawezekana barafu ya Kibo imekuja na kutoweka zaidi ya mara moja katika muda huo mrefu. Ubishi huu wa haki ni sehemu ya elimu, kwa kuwa kila upande unaleta vipimo vyake.

Taarifa hiyo ya 2002 ilikadiria pia kwamba, hali ikiendelea vile vile, barafu ingeweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu, ingawa imekonda sana, bado ipo. Wako waliolifanya jambo hili kuwa hoja ya kudharau elimu yote ya hali ya hewa. Hoja hiyo haina nguvu. Msafiri akikisia kwamba atafika saa tisa akafika saa kumi na moja, amekosea saa, hakukosea njia. Katika taarifa yake ya mwaka 2022, UNESCO iliitaja barafu ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya miongoni mwa zile zinazotazamiwa kutoweka kufikia mwaka 2050.

Ukavu na joto

Sasa yafaa tuulize: barafu hii inapunguzwa na nini? Wengi hujibu upesi kwamba ni joto la dunia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si jibu kamili, na mwalimu atawatendea haki wanafunzi wake akiwapa jibu kamili.

Juu ya Kibo, wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Mahali penye baridi hiyo barafu haiyeyuki kwa wepesi kama iyeyukavyo bondeni. Sehemu kubwa hupotea kwa njia nyingine: jua kali na hewa kavu huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji. Ni kama kafuri iliyowekwa sandukuni, ambayo hupungua siku hadi siku wala haiachi unyevu. Zaidi ya hayo, barafu ya kileleni imesimama kama kuta, na kuta hizo, zikipigwa na jua na kuzungukwa na mchanga mweusi wa volkeno, hupungua kutoka pembeni kila mwaka.

Hapa ndipo theluji ya masika inapopata maana yake. Theluji mpya ni nyeupe sana, nayo hurudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua. Msimu wenye theluji ya kutosha huifunika barafu kama shuka na kuikinga. Msimu wenye theluji haba huiacha wazi, ikiwa chafu kwa vumbi, ikalinywa jua. Kwa hiyo theluji ya masika si barafu, lakini ni mlinzi wa barafu. Na mlinzi huyu hutegemea mvua.

Barafu ilianza kupungua lini? Dalili zinaonyesha kwamba ilianza yapata mwaka 1880, kabla joto la dunia halijapanda sana. Katika miaka hiyo Afrika ya Mashariki ilipita kutoka kipindi cha mvua nyingi na kuingia kipindi cha ukavu. Ziwa Victoria, ambalo maji yake yalikuwa juu mwishoni mwa miaka ya 1870, lilishuka kina kwa haraka baada ya hapo. Meyer basi alikikuta Kibo wakati kilikuwa kimekwisha anza kukonda kwa kukosa theluji. Baadaye, katika karne ya 20, joto la dunia limeongezeka. Kufikia mwongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko nusu ya pili ya karne ya 19. Joto hilo hubadili bahari, na bahari ndiyo mama wa mvua zetu. Barafu ya mlima Kenya na ya Ruwenzori nayo imepungua mno, jambo linaloonyesha kwamba hili si tatizo la mlima mmoja.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Barafu ya Kibo haikuondolewa na mwaka mmoja mbaya. Imeondolewa na miaka mingi ya kawaida, ambayo kila mmoja ulichukua kidogo kuliko tulivyoweza kuona.

Kumbukumbu ya watu na kumbukumbu ya vipimo

Wazee wetu hawakuwa na vipimamvua, lakini walikuwa na hesabu ya miaka. Mwaka mbaya walikuwa wakiupa jina. Wagogo waliiita Mtunya njaa kubwa iliyowapata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na jina hilo halijasahaulika. Kadhalika, waliokuwa watu wazima mwaka 1961 walisimulia juu ya vuli ya mwaka huo, kwa kuwa mvua zilizonyesha zilikuwa kubwa kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki nzima. Usiku wa Desemba 9 mwaka huo, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo. Na wakati huo huo, kwa sababu ya mvua, Ziwa Victoria lilikuwa linapanda. Kati ya 1961 na 1964 maji yake yalipanda zaidi ya mita 2. Uhuru wetu ulizaliwa katika mojawapo ya misimu ya mvua nyingi kuliko yote iliyopimwa katika karne ile.

Kumbukumbu ya watu ina sifa yake na upungufu wake. Huhifadhi yaliyozidi: njaa, gharika, mwaka ambao mto ulivunja daraja. Haihifadhi mwaka wa kawaida, kwa sababu mwaka wa kawaida hauna kisa. Kipimamvua hufanya kinyume. Hakijui njaa wala kilio, lakini huandika kila siku, hata siku isiyo na neno. Na mabadiliko ya tabia ya nchi, au kama isemwavyo siku hizi, tabianchi, hujificha ndani ya miaka hiyo isiyo na kisa. Ndiyo maana wataalamu ulimwenguni kote wamekubaliana kutumia wastani wa miaka 30 wanapotaka kusema kwamba mvua za mahali fulani ni nyingi au ni chache.

Tuchukue mfano wa masika yenyewe. Vipimo vinaonyesha kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi yapata mwaka 2010, mvua za masika katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki zilikuwa zinapungua. Baada ya hapo yamekuja masika makubwa, kama ya 2018, 2020 na 2024, yaliyoleta mafuriko. Nayo vuli ya 1997 na ya 2019 zilikuwa kubwa mno kwa sababu ya joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Hindi. Mtu aliyeanza kuhesabu mwaka 2018 atasema mvua zinaongezeka. Aliyeanza mwaka 1985 na kukomea 2010 atasema zinakauka. Wote wawili wana vipimo vya kweli. Wanachokosa ni urefu wa kumbukumbu.

Urefu huo umepatikana kwa jasho la watu wengi ambao majina yao hayamo vitabuni. Vipimo vya kwanza vya mvua katika nchi yetu viliandikwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Vikaendelezwa wakati wa Waingereza, kisha chini ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mpaka ilipovunjika mwaka 1977, na hatimaye chini ya taifa letu wenyewe. Leo kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Nyuma ya kila tarakimu yuko mwalimu, karani wa shamba au mtawa wa misheni aliyetoka nje asubuhi, akasoma kipimo, akaandika. Siku ambayo hakuandika haiwezi kurudishwa na serikali yoyote wala na chombo chochote.

Msitu ndio mtungi

Limebaki swali ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa wananchi waishio chini ya mlima. Je, barafu ikiisha, maji yatakwisha? Wengi huamini hivyo, na imani hiyo husikika hata mashuleni. Ukweli ni mwingine. Katika kilele cha Kibo mvua na theluji ya mwaka mzima, ikiyeyushwa na kupimwa, ni haba kuliko mvua ya mjini Moshi. Lakini katika mteremko wa kusini, penye msitu, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu huo hupokea mvua, huyanasa maji ya ukungu kwa majani na kuvumwani zake, huyatunza ardhini, na kuyaachia polepole. Karibu maji yote yashukayo katika mito ya Kilimanjaro yametoka katika ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno.

Wazee wa Kichagga walilifahamu hili kwa vitendo. Mifongo yao, yaani mifereji ya kupeleka maji vihambani, walianzia katika makorongo ya msituni, wakaichimba kwa ustadi kufuata kontua za mlima, wakaiwekea sheria za zamu na za ukarabati. Asiyekwenda kusafisha mfongo alitozwa faini. Heshima walimpa Kibo, lakini jembe walilipeleka msituni.

Hapa ndipo kosa la kuchanganya theluji, barafu na maji linapokuwa kosa la hatari. Anayeamini kwamba maji yake hutoka kwenye barafu atautazama mlima ukiwa mweupe mwezi wa Mei na kutulia moyo, huku moto ukila msitu mwezi wa Oktoba. Mioto hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliteketeza maeneo makubwa ya uoto wa juu ya mlima. Vichaka na miti ya huko juu, ambayo hunasa ukungu, ikisha kuungua mara kwa mara, mpaka wa msitu hushuka, na mtungi wa maji hupungua ukubwa. Barafu ikiisha tutapoteza pambo, historia, na kitabu kisichochapishwa mara ya pili. Msitu ukiisha tutapoteza maji.

Hitimisho

Tumeona kwamba theluji ya masika ni mgeni wa msimu, na barafu ya Kibo ni mkazi wa karne ambaye sasa yuko njiani kuhama. Tumeona pia kwamba ujuzi wa mambo haya ulijengwa na mikono mingi: watu wa Rengua waliopanda wasirudi, kiongozi wa njia aliyesema neno moja tu, wapimaji wa ramani, na waandishi wa mvua wasiojulikana. Kuizuia barafu isipotee hakumo katika uwezo wa kijiji wala wa mkoa, kwa kuwa sababu zake zimeenea duniani kote. Lakini kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu, nayo ni kuulinda msitu na kuihifadhi kumbukumbu.

Jambo hili la pili laweza kuanzia katika uwanja wa shule. Kipimamvua si chombo cha anasa: kopo lenye kingo zilizonyooka na rula ya milimita vyatosha kuanzia. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Kinachohitajika ni saa ile ile kila asubuhi, daftari lisilopotea, na mwalimu atakayemkabidhi mwalimu mwingine pale atakapohamishwa. Kando ya tarakimu yaandikwe pia maneno ya wazee: mwaka walioupa jina, mfongo uliokauka, mwezi ambao migomba ilinyauka. Shule itakayofanya hivyo kwa miaka 30 itakuwa imelipatia taifa kitu ambacho haliwezi kukinunua.

Na masika yajayo, mlima ukifunikwa tena na weupe mpaka uwandani, tuutazame na tuufurahie, kwa kuwa ni mzuri. Kisha tushuke tukasome daftari.